Magome ya Miwati: Yalivyokuwa Mali, Yakawa Taka, na Tunachoweza Kujifunza



Leo tuweke pembeni mbolea na bei ya mahindi, tuongee historia kidogo. Kuna jambo nimeliona shambani ambalo huwezi kulielewa mpaka ujue lilikotoka.

Wiki chache zilizopita nilipita kwa mkulima mmoja huku kwetu Njombe. Alikuwa anavuna miwati: iliyonyooka anatoa nguzo za kujengea, iliyopinda anachoma mkaa. Nguzo zilikuwa zimebambuliwa vizuri na kupangwa. Pembeni kulikuwa na lundo la magome limenipita urefu, tayari limeota ukungu. Nikamuuliza yanaenda wapi. Akanijibu, "Hayo taka tu, Bwana Shamba. Yakikauka tunayatia moto."

Baba yake alikuwa amekaa kivulini. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema neno ambalo limenikaa kichwani mpaka leo: "Sisi enzi zetu tulichukua gome tukaacha mti. Nyie mnachukua mti mnaacha gome. Sasa nani mjinga hapo?"

Mzee alisema kwa utani, lakini swali lake ni zito. Mti ni uleule na gome ni lilelile. Imekuwaje kitu kilichosomesha watoto kiwe kitu cha kuchoma moto? Na je, kinaweza kurudi kuwa na thamani?

Ndani ya gome kuna nini

Gome ni ngozi ya mti. Kazi yake ni kuukinga mti dhidi ya wadudu, kuvu na jua. Ili kuifanya kazi hiyo, mti hujitengenezea dawa zake na kuzihifadhi humo. Mojawapo ni tanini. Ukitafuna gome ukahisi mdomo unakauka na ulimi unakuwa mgumu, hiyo ndiyo tanini. Inayashika maprotini ya mate yako na kuyakaza.

Ngozi ya mnyama nayo ni protini. Ukiiloweka kwenye maji ya gome, tanini inaikaza kwa namna hiyohiyo, na ngozi ambayo ingeoza inakuwa ngozi ya kiatu. Watu wa sehemu nyingi za dunia waligundua jambo hili kabla ya kuwepo mkemia yeyote. Katika gome kavu la muwati, theluthi moja ya uzito au zaidi kidogo ni tanini. Miti yenye kiwango hicho ni michache.

Ilianzia pwani, kwenye mikoko

Kabla ya miwati, biashara ya magome katika nchi yetu ilikuwa ya mikoko. Wavuvi wa pwani walichemsha magome ya mikoko na kuloweka humo nyavu na kamba zao za pamba ili zisioze haraka. Nyavu zilitoka na rangi nyekundu ya kahawia. Kwa upande mwingine, majahazi yalibeba boriti za mikoko kutoka Rufiji na Lamu kwenda Arabuni na Ghuba, ambako miti ya kujengea ilikuwa adimu. Huko walitaka mti. Gome halikuwa na mnunuzi mkubwa.

Wajerumani walipotawala, viwanda vya ngozi vya kwao vilihitaji tanini nyingi. Magome ya mikoko ya delta ya Rufiji yakaanza kupakiwa melini kwenda Ujerumani, na misitu ya mikoko ikawekwa chini ya usimamizi wa serikali. Lakini biashara hiyo ilikuwa na shida mbili. Ya kwanza, gome ni kitu kikubwa chenye uzito, na sehemu kubwa ya kile unachokilipia nauli ni kuni tu, siyo tanini. Ya pili, tanini ya mikoko hutoa ngozi nyekundu sana, na wanunuzi wengi hawakuipenda rangi hiyo.

Baadaye nyavu za nailoni ziliingia, nazo hazihitaji gome. Soko la wavuvi nalo likapungua. Hapo tunaona jambo la kwanza: gome halikubadilika. Mahitaji ya watu ndiyo yaliyobadilika.

Gome lililotibu malaria

Kule Amani, milima ya Usambara, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902. Miongoni mwa miti waliyoijaribu ni mkwinini, mti wa Amerika Kusini ambao gome lake lina dawa ya malaria. Dawa hiyo, kwinini, ilitenganishwa kwa mara ya kwanza kutoka kwenye gome mwaka 1820 na wanakemia wawili wa Ufaransa, Pelletier na Caventou.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, meli za Waingereza zilifunga bahari. Dawa kutoka Ulaya ikakatika. Wataalamu wa Amani wakaanza kutengeneza kwinini hapahapa kutokana na magome ya Usambara. Baadaye jeshi la Lettow-Vorbeck lilipolazimika kurudi nyuma kuelekea kusini, lilipoteza maabara hiyo. Likabaki kuchemsha magome na kunywa maji yake. Yalikuwa machungu kiasi kwamba askari waliyapa jina la utani, "Lettow-Schnapps", yaani pombe kali ya Lettow.

Nimekitaja kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kwamba utengenezaji wa kemikali kutokana na mimea si jambo geni katika nchi hii. Lilifanyika zaidi ya miaka 100 iliyopita, tena kwa dhiki. Kilichokosekana baadaye ni mwendelezo, si gome.

Safari ya muwati

Muwati kwa jina la kitaalamu ni Acacia mearnsii. Kwao ni kusini-mashariki mwa Australia. Mwaka 1864 mbegu zake zilipelekwa Natal, Afrika Kusini, na mlowezi aliyeitwa John Vanderplank. Mwanzoni ulikuwa mti wa kuni, kivuli na kukinga upepo. Miaka ya 1880 watu wakagundua kwamba gome lake lina tanini nzuri, yenye kutoa ngozi ya rangi ya kupendeza kuliko mikoko. Magome yakaanza kusafirishwa kwenda Uingereza.

Shida ya nauli ilikuwa ileile, lakini safari hii ilipata jibu: viwanda vya kusindika karibu na mashamba. Gome linakatwakatwa na kupitishwa kwenye mapipa makubwa ya maji ya moto yaliyopangwa mfululizo. Maji mapya yanaanzia kwenye gome lililokwisha kukamuliwa sana, na yanamalizia kwenye gome bichi. Kwa hiyo yanatoka yakiwa mazito kabisa. Kisha maji hayo yanachemshwa mpaka yabaki rojo linaloganda, au unga. Badala ya kusafirisha gunia la magome unasafirisha kifurushi cha tanini. Magome yaliyokamuliwa yanakwenda kwenye boila kuwa kuni za kiwanda.

Kenya muwati ulifika mwanzoni mwa karne ya 20, na ulipofika ukaangukia mikononi mwa wakulima wadogo. Serikali ya kikoloni iliwazuia Waafrika kulima kahawa kwa muda mrefu, lakini haikuwazuia kupanda miwati. Wakulima wa Kiambu, Murang'a na Nyeri wakaipanda kwenye vipande vidogo. Kufikia miaka ya 1930 gome lilikuwa zao lao kubwa la fedha. Wachuuzi walizunguka vijijini kununua mzigo kidogo kidogo na kuukusanya hadi kwenye maduka na viwandani. Viwanda vilikuwepo Thika na Eldoret. Ada za shule na kodi nyingi zililipwa kwa gome.

Angalia vizuri mkulima yule alivyofanya. Aliuza gome, kisha mti uliobaki akauchoma mkaa, akajengea nyumba, au akaupikia. Hata shamba lilifaidika, kwa maana muwati ni jamii ya mikunde, unaongeza naitrojeni kwenye udongo. Mti mmoja ulimpa mapato matatu.

Huku kwetu Njombe mambo yalianza mwaka 1949. Shirika la Maendeleo ya Makoloni la Uingereza, lililoundwa mwaka 1948, lilianza kupanda mashamba makubwa ya miwati katika nyanda hizi za baridi. Muwati huchukua kama miaka 8 hadi 10 kukomaa kwa ajili ya gome, hivyo kiwanda kilikuja baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1950. Kampuni hiyo ndiyo wazee wetu wanaijua kwa jina la TANWAT. Watu wa hapa wakajifunza kazi ya kubambua, wakabeba mbegu kwenda nazo mashambani kwao, na leo miwati iko kila kona.

Kwa nini gome lilirudi kuwa taka

Wakati haya yote yakiendelea, adui wa gome alikuwa ameshazaliwa. Mwaka 1884 Augustus Schultz alipata hataza Marekani ya njia ya kukaza ngozi kwa chumvi za kromi. Ngozi iliyokuwa inalowekwa kwenye maji ya magome kwa wiki au miezi, kwa kromi ikawa inakamilika kwa siku moja au chache. Polepole viwanda vingi vikahamia huko.

Tanini ilibaki na soko kubwa moja: ngozi nzito ya soli za viatu. Baada ya Vita Kuu ya Pili soli za mpira na plastiki zikaingia kwa bei rahisi. Hapo bei ya gome ikayumba. Wakulima wa Kenya ya kati, ambao sasa waliruhusiwa kulima kahawa na chai, wakang'oa miwati mingi. Pale ilipobaki, watu wakaitazama kama kuni na mkaa.

Nataka muelewe hapa, kwa sababu wengi wanasema "wazungu waliondoka na soko lao". Sivyo. Ngozi ya mimea haikufa, ipo mpaka leo kwa mikanda, mikoba na matandiko ya farasi, na unga wa tanini ya miwati bado unauzwa duniani. Kilichotokea ni kwamba soko lilikuwa pana likawa jembamba. Soko jembamba linamtaka muuzaji makini: mwenye mzigo mzuri, wa kutosha, unaofika kwa wakati.

Kazi mpya za gome

Historia haikuishia kwenye viatu. Wanakemia waliona kwamba kama tanini inashika ngozi, inaweza kushika na mbao. Ukiichanganya na kemikali iitwayo formaldehaidi inatengeneza gundi ngumu isiyoogopa maji. Australia walilifanyia kazi jambo hili, na Afrika Kusini viwanda vya mbao vikaanza kutumia gundi ya miwati miaka ya 1970. Mafuta yalipopanda bei mwaka 1973, gundi za petroli nazo zikapanda, na watu wakaitazama tanini kwa jicho jipya.

Kuna kazi nyingine pia. Tanini iliyofanyiwa marekebisho hutumika kusafisha maji machafu, kwani inakusanya uchafu ukatuama chini. Imetumika kwenye boila ili chumvi zisigande kwenye vyuma, na kwenye uchimbaji wa visima vya mafuta ili tope liwe laini. Zote hizi ni kazi za viwanda, si za jikoni kwako. Lakini ujue kwamba lile lundo ulilotaka kulitia moto ndiyo malighafi yake.

Kosa langu mwenyewe

Mimi nami nina deni katika habari hii. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikishauri kikundi kimoja kikusanye magome, kwa kuwa kulikuwa na mnunuzi aliyeahidi kuleta lori. Walikuwa akina mama kumi na mmoja na vijana watatu. Walibambua wiki nzima. Nikawaambia warundike mahali pamoja, lori likija lipakie kwa urahisi.

Lori lilichelewa siku tisa. Mvua ikanyesha. Tulipolifungua lundo, ndani lilikuwa la moto kama samadi, magome yameota ukungu na kuwa meusi. Mnunuzi akayaangalia, akavunja kipande kimoja, akapanda gari akaondoka. Mama mmoja alikuwa ameshamwahidi mwanawe sare za shule kwa fedha ile. Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Bwana Shamba, ungeuliza kwanza." Ningemuuliza mzee yeyote aliyewahi kubambua angeniambia kwamba gome bichi ni kama maziwa. Linaanza kuharibika siku ileile linapotoka kwenye mti.

Historia inatuambia nini leo

Kwanza, tafuta mnunuzi kabla ya kushika panga. Uliza anataka gome bichi au kavu, vipande vya urefu gani, tani ngapi, na nani analipa usafiri. Pata maandishi na malipo ya awali. Aliyekuahidi kwa mdomo tu hajanunua.

Pili, bambua wakati wa mvua, lakini kausha kwa akili. Mti ukiwa na maji gome linatoka kwa urahisi, kiangazi linang'ang'ania. Likishatoka, gome bichi lifike kiwandani ndani ya siku chache. Kama ni la kukausha, litandaze kwenye vichanja chini ya paa, hewa ipite, lisiguse udongo wala kulowa. Kamwe usirundike bichi.

Tatu, uzeni kwa pamoja. Gome la mkulima mmoja halijazi hata pikapu. Wachuuzi wa Kenya walifanikiwa kwa sababu walikusanya kidogo kidogo kuwa kikubwa. Mfanyabiashara wa kijijini unayenisoma, nafasi yako iko hapo: mizani ya haki, banda la kukaushia, na simu ya mnunuzi.

Nne, bambua mti unaokatwa, usibambue mti uliosimama. Kuna mti wa misitu ya milimani, Prunus africana, ambao Wakikuyu huuita muiri. Gome lake hutengenezewa dawa ya tezi dume huko Ulaya. Biashara ilipopamba moto watu waliubambua mzunguko mzima, miti ikafa ikiwa imesimama. Mwaka 1995 biashara yake ya kimataifa iliwekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES. Mikoko nayo usiiguse bila kibali. Muwati ni tofauti kwa sababu tunaupanda na kuuvuna. Lakini nao una tabia ya kuvamia: mbegu zake hukaa ardhini miaka mingi. Usiuache usambae kwenye vyanzo vya maji na malisho.

Tano, kama hakuna mnunuzi, anza na ngozi za hapahapa. Ngozi nyingi za mbuzi zinatupwa kijijini kwa kukosa bei. Ngozi iliyosafishwa, ikatolewa manyoya kwa chokaa na kuoshwa mpaka chokaa iishe, inalowekwa kwenye maji mepesi ya gome. Kisha inahamishiwa kwenye mazito zaidi na zaidi, kwa wiki kadhaa. Ukianza na maji mazito, nje itakaza na ndani itabaki mbichi. Tumia pipa la plastiki, usitumie la chuma. Tanini ikikutana na chuma inakuwa nyeusi kama wino. Maji yaliyokwisha kazi usiyamwage mtoni, yanaua samaki.

Nilirudi kwa yule mkulima wiki iliyofuata. Lundo la kwanza lilikuwa limeshaharibika, hilo tulilikubali. Lakini miti ya upande wa pili ilikuwa bado imesimama. Tulikaa na baba yake, akatuonyesha namna ya kukata mduara chini ya shina na kuvuta gome kwenda juu kwa utepe mmoja mrefu, bila kulichana. Kijana alijaribu mara tatu likakatika. Ya nne likapanda mpaka kwenye matawi.

Mzee akacheka. "Haya," akasema, "sasa tafuteni wa kumuuzia kabla hamjakata mwingine."

Huo ndio ushauri wangu wa leo, na yeye ameusema vizuri kuniliko. Mwenye kikundi anayetaka kuanza aje ofisini kata siku za Jumanne, tukae na kalamu tupige hesabu kabla ya kupiga panga.

Kazi njema.